Mwisho wa Binti wa Kitabuni

Kazi ya kuwasomea watu kitabu niliipata kwa sababu nilijikata kidole cha mguu. Ilikuwa mwanzo wa mvua, mwaka niliomaliza darasa la saba, na jembe la mama lilikuwa limetoka dukani Makambako likiwa bado halijazoea watu. Nililenga tuta, jembe likanilenga mimi.

Kijiji chetu kiko kando ya barabara ya kutoka Njombe kwenda Makambako, mahali ambapo ukungu wa asubuhi hauondoki mpaka ubembelezwe. Wanawake wa kwetu walilima kwa zamu. Leo wote kwa huyu, kesho wote kwa yule. Mwenye shamba anapika na kutoa togwa, na kila mmoja anapimiwa ngwe yake, yaani kipande chake cha matuta, na hakuna anayekwenda nyumbani mpaka ngwe zote zimekwisha. Nyumba isiyoleta mtu haisemwi kitu siku hiyo. Itasemwa siku ya zamu yake, watakapokuja wachache, tena wamechelewa.

Nyumba yetu ilihesabiwa majembe mawili, la mama na langu. Kwa hiyo nilipokuja shambani nachechemea, kidole kimefungwa kitambaa, mama alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi wake ameingia kwenye mboga za jirani. Aliyeniokoa ni shangazi, dada mkubwa wa baba. Huyo ndiye aliyekuwa akipima ngwe, na hakuna aliyethubutu kumwambia kuwa amepima vibaya. Aliona kitabu nilichokuwa nimekichomeka kwenye kanga kiunoni.

"Mguu ndio umekatika," akasema. "Mdomo je? Simama pale mbele yetu, utusomee. Ngwe yako tutaigawana."

Mama mmoja mjane, jirani yetu, alinung'unika kwamba tangu azaliwe hajaona tuta lililolimwa kwa mdomo. Shangazi akamwambia asubiri jioni.

Kitabu chenyewe nilikipata Makambako. Mama alikuwa na rafiki yake pale, mfanyabiashara wa vitenge na nguo za mitumba, mama wa Kiislamu aliyehamia kutoka Kondoa, mcheshi, mwenye mkono wa kutoa. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Sabuni tuliyokuwa tukiipanga foleni sasa ilijaa madukani mpaka inakera, na malori ya Dar es Salaam yalipakia viazi vyetu kwa magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kipimo mpaka yamevimba kichwani kama yana tezi. Abiria mmoja alisahau kitabu pale dukani kwake. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo hatukujua kinaitwaje wala nani amekiandika. Yule mama alinipa akisema, "Chukua, mwanangu. Mimi nimekimaliza. Ila ukifika mwisho usije ukanilaumu." Nilidhani anatania.

Hadithi ilimhusu binti mwenye akili ambaye baba yake hakutaka asome. Baba huyo alitaka kumwoza kwa mzee mmoja mgane mwenye mbuzi wengi na meno machache. Wanawake walianza kwa kulima kimya, wakinisikiliza kwa adabu kama wanavyosikiliza matangazo ya kanisani. Lakini yule mzee mwenye mbuzi alipoingia tu, heshima ikaisha. "Mwambie hapana!" akapiga kelele mmoja. "Usimwambie baba yako unakwenda wapi, mjinga wewe!" akasema mwingine, akimwonya binti ambaye alikuwa ndani ya karatasi. Jioni ile yule mama mjane alilima huku machozi yanamtoka, akapitiliza ngwe yake, akaingia ya jirani, akaimaliza na hiyo pia. Shangazi alimwacha mpaka amalize, ndipo akamuuliza kama bado ana swali kuhusu mdomo.

Tangu hapo nikawa jembe kamili. Nilitembea kinyumenyume mbele ya safu, nikisoma kwa sauti, nikianguka kwenye mifereji mara kwa mara, wakinisubiri niinuke. Nilijifunza upesi kwamba sehemu za huzuni zinapunguza kasi ya majembe na sehemu za hasira zinaiongeza. Nikaanza kuwafanyia ujanja. Nikifika mahali pa moto, kama pale baba mtu alipompiga mama wa binti kwa kumtetea, nafunga kitabu na kusema nitaendelea wakifika mwisho wa tuta. Walinitukana kwa Kibena, matusi mazuri ya mapenzi, lakini udongo ulikuwa unaruka. Mashamba yakaanza kuisha mapema kuliko kawaida, na watu wakaanza kuuliza zamu ya kesho ni ya nani na binti amefika wapi.

Ikafika hatua ambayo hata mimi niliona imezidi. Jumatano moja kwenye ibada ya maombi, mama mmoja wa safu yetu alisimama akaomba tumkumbuke binti anayeteswa na baba yake kwa sababu ya shule. Watu wakaomba, na wengine wakaomba kwa sauti. Ibada ilipokwisha, mwinjilisti wetu, mtu mwema sana, akachukua baiskeli yake na kuuliza huyo binti anakaa kitongoji gani, ili akazungumze na wazazi. Wanawake wakatazamana. Shangazi akamjibu kwamba anakaa mbali kidogo.

Sasa niseme kwa nini mimi mwenyewe nilisoma kile kitabu kama mtu anayesoma barua ya uhai wake. Nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache kama meno ya yule mzee, na mimi sikupata. Lakini kulikuwa na shule ya sekondari iliyokuwa imefunguliwa karibu na Njombe mjini, ya kulipia, moja ya zile shule zilizochipuka miaka ile kama uyoga baada ya mvua. Nilifanya usaili wao nikafaulu. Walinitaka Januari. Kilichobaki kilikuwa neno la baba, na neno la baba lilikuwa hapana.

Msimdhanie vibaya. Baba alikuwa mpasua mbao, mtu wa kicheko kikubwa, na hakuwahi kuniinulia mkono. Lakini kaka yangu alikuwa tayari sekondari, akirudia kidato cha pili kwa moyo mkunjufu kabisa, na baba aliamini nyumba moja haiwezi kubeba wawili. "Kumsomesha binti ni kumwagilia bustani ya jirani," alikuwa akisema, na alisema kwa upole, kama mtu anayekueleza kwamba mvua inalowesha. Alikuwa amekwisha kunitafutia kazi ya kulea mtoto kwa mtumishi mmoja wa serikali huko Makambako. Nilichukia kazi ile kabla sijaiona. Nilimchukia hata yule mtoto, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Baba naye akaanza kusikiliza kitabu. Hakukubali kwamba anasikiliza. Alikuwa anapita tu, anatafuta kamba, anakagua uzio, anaulizia panga lililokuwa mkononi mwake. Siku moja wakati wa chakula shangazi alimkamata akiwa amesimama nyuma ya kichaka cha mianzi, akamwita mbele ya wote.

"Mdogo wangu, njoo unywe togwa. Na utuambie, huyu mwanao Januari anakwenda shule au haendi?"

Baba akacheka. Kukataa mbele ya wanawake wote wale haikuwa rahisi, na kukubali hakutaka. Akatafuta njia ya katikati.

"Mbona mna haraka?" akasema. "Malizeni kwanza kitabu chenu. Mkishamaliza mniambie huyo binti ameishia wapi. Akiishia pema, na wangu aende. Akiishia pabaya, msinisumbue tena."

Wanawake wakapiga vigelegele, maana kwa wakati ule binti wa kitabuni alikuwa amekwisha kupata shule, anasifiwa na walimu, anaongoza darasa. Nani angeshindwa? Shangazi akamshika mkono baba hapo hapo kumfunga kwa ahadi. Mimi nilipalilia miche miwili mitatu ya nyanya nyuma ya nyumba jioni ile nikiimba.

Jumapili baada ya ibada uvumilivu ukanishinda. Niliingia kwenye kibanda cha kuni, nikasoma mwisho peke yangu.

Jamani. Huyo mwandishi, popote alipo, Mungu amsamehe, mimi bado ninajitahidi. Binti alimaliza shule akawa na majivuno. Akakataa kumsalimia mama yake kwa sababu ananuka moshi. Hakuna mwanamume aliyemtaka, kwa kuwa alikuwa anajibu maswali. Mwishowe akarudi nyumbani analia, akapiga magoti mbele ya baba yake akaomba radhi, na baba kwa huruma yake kubwa akamwoza. Kwa nani? Kwa yule yule mzee wa mbuzi, ambaye miaka yote hiyo alikuwa anasubiri, na nadhani meno yalikuwa yamekwisha kabisa. Ng'ombe akachinjwa, watu wakala, na aya ya mwisho ikawashauri wasichana wote waridhike. Nilikitupa kitabu kikawaangukia kuku.

Nikamkimbilia mama, aliyekuwa anapukuchua maharage barazani. Mama aliishia darasa la nne, akatolewa ili alee wadogo zake, na jambo hilo hakulizungumza, kama watu wasivyozungumzia jino lililong'oka zamani. Nilimsimulia yote huku nalia kwa hasira. Nikamwambia nitabadilisha. Nitashika kitabu mbele yangu na kusoma mwisho wa kutunga, nani atajua?

"Wote watajua," mama akasema. "Wewe ukidanganya pua inapanuka."

"Sasa nifanyeje, mama?"

Akapukuchua maganda mengine kwanza. "Soma kilichoandikwa. Wale si watoto. Wamelima na huyo binti tangu mvua za kwanza, wana haki ya kujua alichofanyiwa."

Niliona kama mama amenitupa. Usiku sikupata usingizi, na asubuhi ilikuwa zamu yetu sisi, shamba letu la viazi, lile lililo juu ya barabara kuu, ambalo kila gari linalopita linaliona lote.

Baba alikuja mapema. Alivaa koti lake la mitumba lenye vifungo vya shaba, la askari wa nchi asiyoijua, akakaa kwenye gogo kama mgeni rasmi. "Kamwene," akawasalimu wote, uso unang'aa. Wanawake wakaitikia, wakashika ngwe zao, nami nikafungua kitabu.

Nilisoma taratibu nikitumaini mvua itanyesha. Haikunyesha. Nilisoma majivuno, nikasoma moshi wa mama, na nikaona majembe yanapungua. Nikasoma magoti na msamaha. Nilimaliza kwa kusoma ule ushauri wa wasichana kuridhika, nikabaki nimetazama vidole vya miguu yangu.

"Mnaona?" baba akasema kutoka kwenye gogo. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyeshinda bao.

"Soma tena," shangazi akaniambia.

Nikasoma tena, kuanzia kwenye magoti. Nilipomaliza, shangazi akalaza jembe lake chini. Hakulitupa, alililaza pole pole juu ya tuta, mpini ukielekea barabarani. Mama mjane akalaza lake. Halafu wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho. Mama yangu alikuwa wa kwanza baada ya mjane, naye ndiye mwenye shamba.

Asiyetoka kwetu hawezi kujua maana yake. Shamba lililoachwa katikati ya zamu ni kama nyumba iliyoezuliwa paa. Kila anayepita atauliza mwenye shamba amewafanyia nini watu mpaka wamelaza majembe, na jibu litapatikana, na kama halipo litatungwa. Baba akasimama.

"Jamani, mbona hivyo? Mimi sikukiandika hicho kitabu!"

"Hukukiandika," shangazi akasema, "lakini ndiwe uliyekiweka kiwe hakimu. Sisi tumemlimia huyu binti. Tumemwombea kanisani. Mwinjilisti alichukua baiskeli! Halafu mwandishi mmoja asiyejua hata kushika jembe anatuambia amerudi kwa mzee wa mbuzi, na wewe unasema mnaona. Tunaona nini?"

"Na mama yake kunuka moshi," mjane akadakia. "Alisomeshwa kwa moshi huo."

Basi la Makambako likapita chini, abiria wakageuza shingo. Kondakta akatoa kichwa mlangoni akauliza kwa sauti, "Vipi huko, kuna msiba?" Baba alilitazama basi mpaka likapotea kwenye kona, na nilimwona anahesabu moyoni ni watu gani wanaomjua waliokuwa ndani.

"Mnataka nifanye nini?" akauliza.

"Tupe mwisho," shangazi akasema. "Wewe ni fundi wa maneno kwenye kilabu cha pombe ya ulanzi, watu wote wanakusifia. Leo tusimulie sisi. Huo wa kitabuni tumeukataa."

Baba alikohoa. Akatazama majembe, akamtazama mama, ambaye hakumpunguzia macho. Kisha akaanza, kwanza kwa shingo upande. Akasema haya, yule binti alisoma. Akasoma sana. Hakuwa na majivuno, hapana, huo ni uongo wa watu wa mjini. Likizo alirudi nyumbani, akiteremka kwenye gari pale chini anapanda kilima mbio, viatu vimejaa tope, anamsalimia mama yake kwanza. "Kabla ya baba," akaongeza, na wanawake wakaguna kwa kuridhika. Baba ni mtu ambaye akionjeshwa kicheko cha watu hawezi tena kuacha. Alianza kupunga mikono ndani ya lile koti. Wanunuzi wa viazi wakaja na lumbesa zao, na binti akasimama mbele ya lori akawaambia gunia ni gunia, kichwa hiki ni cha nani? Wakanywea! Mwalimu mkuu akaandika kumsifu, na baba yake akatembea kijijini na kifua mbele.

"Ngoja," shangazi akasema. "Usikimbie. Ada alilipa nani?"

"Baba yake. Si nimesema?"

"Alilipa na nini?"

Baba akasita. Mikono ilibaki hewani. "Aliuza ng'ombe," akasema.

"Ng'ombe yupi?"

Baba alikuwa na ng'ombe watatu waliokuwa wakila majani kule mtelemkoni, na mmoja wao, jike jekundu lenye kovu puani, alikuwa anampenda kupita kiasi. Asubuhi alimsalimu yule kabla yetu sisi. Nilimwona baba akitazama kule kwa muda mrefu, na kile kicheko chote kikamtoka usoni.

"Yule mwekundu," akasema.

Mama akainama, akaokota jembe lake. Wengine wakaokota ya kwao kwa vigelegele vilivyowafukuza kunguru mpaka upande wa pili wa barabara. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye matope nalia, na sikuona aibu hata kidogo.

Lakini mjane hakuwa ameridhika, kwa sababu hadithi kwake haikuwa hadithi bila arusi. "Na huyo mwanangu," akauliza, "mwishowe aliolewa na nani?"

"Nitajuaje?" baba akasema, sasa kwa ukali kidogo, anafunga vifungo vyake. "Bado anasoma."

Kabla ya Krismasi tulimpeleka yule ng'ombe Makambako, baba na mimi, kwenye lori la mtu wa viazi. Mnadani palijaa vumbi na kelele, na mambo yalikwisha upesi kuliko nilivyotaka. Mnunuzi, kijana mpole mwenye kofia ya kufuma, alimvuta kwa kamba, naye ng'ombe akaenda bila kugeuka nyuma. Baba alisimama pale pale akafuta macho kwa mkono wa koti. Sikuwahi kumwona baba akilia. Nikamshika mkono, nikaanza kumwambia ahsante, nitasoma kwa bidii, sitamwangusha, maneno yote niliyokuwa nimeyapanga njiani.

"Usijidanganye," akaniambia. "Mimi namlilia ng'ombe."

Akajifuta mara nyingine, akavuta pumzi, akatazama huku na huko kwenye mji ule uliojaa maduka mapya.

"Haya," akasema. "Viatu vya shule vinauzwa wapi?"